Nikikaa kimya, mtoto si atadhani sikufurahi?

"Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa Kiislamu, mwenyeji wa Bagamoyo. Kijana wa jirani yangu Mkristo nimemlea pamoja na wanangu. Akitoka shule alikuwa anakula kwangu. Sasa anaimba kwenye kwaya moja ya Dar es Salaam, na wiki ya kabla ya Krismasi wanakuja kuimba hapa kwetu, kwenye kanisa kubwa la misheni, kuanzia saa kumi jioni. Wataimba sehemu ya kwanza ya Masihi, ule muziki mrefu wa kwaya alioutunga Handel, kwa Kiingereza, wakisindikizwa na kinanda, halafu Haleluya na nyimbo za Krismasi za Kiswahili. Yeye ndiye atakayeanza, tena peke yake. Katuletea kadi, mimi na mama mkwe wangu. Nyuma ya kadi wameandika: hakutakuwa na spika, simu zizimwe, msipige makofi wala vigelegele katikati. Hapo ndipo nilipochoka. Mimi mtu wa taarabu, sauti ikinigusa nanyanyuka kwenda kutuza. Mtoto niliyemlea asimame kuimba mbele za watu, mimi nikae kama niko msibani? Si atadhani sikufurahi? Kiingereza chenyewe sikijui. Mama mkwe naye anavaa kifaa cha kusikia ambacho mara kwa mara kinapiga mluzi, naogopa kitatuaibisha. Na Magharibi si itanikuta humo ndani? Nieleze taratibu, na kama ni bora nisiende, niambie."

Waalaykum salaam, dada yangu. Nenda. Barua yako imemalizia kwa kuomba ruhusa ya kubaki nyumbani, na mimi ruhusa hiyo sikupi. Labda akukataze kwenda mtu mwenye haki ya kukukataza, na huyo nitamfikia huko mbele.

Ukiondoa Kiingereza na kifaa cha mama, kinachokusumbua ni kwamba kwenu ukimya ni ubaridi. Mwimbaji wa taarabu akimaliza beti ukumbi umenuna, keshajua ameboronga. Umelelewa hivyo, kwa hiyo ukisoma "msipige vigelegele" unaona kama umeambiwa usimpende mtoto wako hadharani. Waandaaji wamekosea kidogo: wameandika amri, hawakuandika sababu. Na sababu ipo pale pale kwenye kadi, kwenye maneno matatu ya mwanzo: hakutakuwa na spika.

Kwenye taarabu mwimbaji ana maikrofoni, na pembeni yuko fundi mitambo. Ukipiga kigelegele sauti ya mwimbaji haizami, fundi anaipandisha kidogo mambo yanaendelea. Tena muziki wenyewe umeacha nafasi ya kutuza. Vyombo vinazungusha kiitikio mpaka foleni ya watuzaji iishe. Kwaya ya namna hii haina fundi wa kumkimbilia. Kinachofika sikioni mwako ni pumzi za watu na jengo, basi.

Na jengo hilo linaiweza kazi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na kanisa kubwa mtakaloingia lilijengwa kati ya 1910 na 1914, enzi ambazo padri alitakiwa asikike hadi mlango wa nyuma kwa koo lake mwenyewe. Kuta ni nene, dari liko juu. Sauti ikitoka kinywani inagonga ukuta, inarudi, inapanda darini, inarudi tena, na kila safari inapungua kidogo. Ndiyo maana humo ndani noti inaendelea kusikika hata baada ya mwimbaji kufunga mdomo. Waimbaji waliofundishwa vizuri wanaitumia hali hiyo makusudi: wanaliachia neno, wanalisubiri jengo limalizie, ndipo wanaingia na linalofuata. Tatizo ni kwamba ukuta hauchagui cha kurudisha. Utairudisha noti ya kijana wako, na utaurudisha vilevile mfuko wa nailoni wa karanga.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kawaida wanafika kama 60, na kunong'ona ni kama 30. Kwaya ikishuka kuimba kwa upole, kinachofika viti vya nyuma kinaweza kuwa chini ya yale mazungumzo ya watu wawili. Ndiyo kusema dada mmoja anayemsimulia mwenzake habari za harusi ya jana, bila nia mbaya, anaifunika kwaya nzima kwa watu walio karibu naye. Kigelegele sikitaji, wewe mwenyewe unajua kilitungwa kivuke mtaa.

Kuna jingine ambalo watazamaji wengi hawalijui. Anayeimba peke yake bila mitambo hana spika ya kujisikilizia. Anajipima kwa sauti inayomrudia kutoka ukutani. Kelele ikiingia kati yake na ukuta, koo lake linajibu lenyewe bila kuombwa: anaongeza nguvu, shingo inakaza, na ile sauti iliyokuwa inateleza inakuwa ya kusukumwa. Sisi walimu wa kwaya tunaliona hilo likitokea ndani ya nusu mstari. Kwa hiyo ukijizuia, unamwachia kijana chombo chake cha kujipimia.

Tena miili yenu inafanya kazi hata mkikaa tu. Kanisa tupu lina mwangwi mrefu kiasi kwamba maneno yanapandana. Likijaa watu, nguo zinanyonya sehemu ya sauti, mwangwi unafupika na maneno yanaanza kueleweka. Buibui lako, kitenge cha jirani na mtandio wa mama mkwe vyote vimo kwenye hesabu hiyo. Mwalimu wa kwaya anayefanya mazoezi asubuhi kanisa likiwa tupu anajua kabisa kwamba jioni, watu wakishaingia, atakutana na ukumbi mwingine.

Sasa njoo kwenye kipande cha mwanao, maana hapo ndipo utakapoteseka. Masihi inaanza na kinanda peke yake, kipande kizito chenye huzuni kidogo, kisha kinakimbia. Usishtuke, kuimba bado. Kikishaisha, muziki unageuka ghafla unakuwa mwororo, na hapo ndipo mwimbaji wa sauti ya tatu, yaani ile ya juu ya kiume iitwayo tena, anapoanza. Maneno yake ya kwanza yametoka Isaya 40, ambayo kwenye Biblia ya Kiswahili yanasema: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu, asema Mungu wenu." Handel amemfanyia jambo la hatari na la heshima: vyombo vinampisha, na sauti inabaki karibu peke yake hewani. Hana kwaya nyuma, hana ngoma ya kujificha. Baada ya dakika moja ya kwanza utajua kama mtoto amelala vizuri jana.

Halafu muziki unachangamka kidogo, anatangaza habari za sauti iliayo nyikani, na kinanda kinafunga kwa mapigo makavu. Patakuwa na kimya kifupi hapo. Dada, hapo usipige chochote. Hajamaliza, amefikia mlango tu. Kinachofuata ndicho kipande chake kikubwa: "Kila bonde litainuliwa." Hicho hakihitaji Kiingereza. Akifika kwenye neno la kuinuliwa, sauti itaanza kupanda na kukimbia juu ya silabi moja, noti nyingi mfululizo, mpaka utajiuliza pumzi anaitoa wapi. Akiutaja mlima, sauti inapanda. Akisema umeshushwa, inashuka. Akitaja palipopotoka, sauti inayumba huku na huku kati ya noti mbili. Akifika palipolainishwa, anashika noti moja ndefu iliyonyooka. Handel alikuwa anachora. Ukikaa ukamfuatilia mwanao kwa masikio namna hiyo, utamwelewa kuliko mtu anayejua Kiingereza lakini anachezea simu.

Akimaliza hapo bado subiri, kwa sababu kwaya nzima inaingia karibu mara moja na mstari unaofuata wa Isaya. Najua itakuwa ngumu. Mwangalie basi. Mwimbaji wa solo anaona nyuso za watu, hasa safu za mbele. Akikutana na uso wa mama aliyemlea unaong'aa hawezi kudhani umechukia. Ukikaa ukainamia kadi muda wote, hapo ndipo atapata wasiwasi.

Utajuaje kwamba sasa ruhusa? Usitegemee kimya, maana kimya kitakudanganya. Tazama mikono ya mwalimu wa kwaya. Ikiwa bado juu, hata kama hakuna sauti yoyote, muziki haujaisha. Ikishuka pembeni, waimbaji wakateremsha majalada yao, na yeye akageuka kuwatazama ninyi, basi fungua bomba. Hapo kigelegele ni haki yako, na kwa maoni yangu kwaya ya Kitanzania inayoimba Bagamoyo ikikosa kigelegele mwishoni itakuwa imepunjwa. Wako walimu wachache wanaotaka makofi tu hadi mwisho kabisa. Muulize kijana kabla ya siku, mwalimu wake anapendaje.

Mtego mkubwa uko kwenye Haleluya, na nakuonya kwa sababu huwanasa hata wazoefu. Karibu na mwisho kwaya itarudia "Haleluya, Haleluya" kwa kasi na kwa nguvu, inapanda na kupanda, kisha inakata ghafla. Kimya kabisa. Kila mtu mwenye damu mwilini atataka kulipuka hapo. Subiri. Imebaki Haleluya moja, ya polepole, nzito, ambayo ndiyo inayofunga. Handel aliuweka ukimya ule makusudi ili ile ya mwisho ikukute umesimamisha pumzi.

Kwenye habari za malaika pia kuna kitu ningesikitika ukikosa. Sehemu ya kwanza inapofika kwa wachungaji wa Luka 2, sauti ya kike inasimulia kwa vipande vifupi vifupi: wachungaji makondeni, malaika akatokea, akasema msiogope. Mara kwaya inaingia kama jeshi lote la mbinguni. Kwa okestra kamili ndipo tarumbeta husikika kwa mara ya kwanza, na Handel aliandika zipigwe kama zinatoka mbali. Ninyi mtakuwa na kinanda, lakini sikiliza kwaya ikishanyamaza: kinanda kinaendelea, kinapungua, kinakuwa chepesi, kinapungua tena mpaka kinaisha. Malaika wanaondoka. Mtu mmoja akipiga makofi mapema, wameondoka bila kuonekana.

Sasa nikurudishie heshima yako kidogo, kwa sababu kuna watu watakuambia kwamba kukaa kimya ndio ustaarabu wa muziki huu tangu enzi. Si kweli. Handel aliiandika Masihi London mwaka 1741, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba, na ilisikika kwa umma mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Watazamaji wa karne ile walikuwa wachangamfu kupita kiasi. Walizungumza, walishangilia katikati, walidai wimbo urudiwe. Ukimya wa kanisani na ukumbini ulizoeleka baadaye sana, katika karne ya 19 na kuendelea. Kwa hiyo silka yako ya kushangilia si ya kishamba. Angekuwepo Handel angekuelewa vizuri tu. Tunanyamaza kwa sababu ya masikio. Mwenye kukuambia ni kwa sababu ya tabaka, mwache.

Hata kadi zenye masharti si jambo geni. Kwa onyesho lile la Dublin, wanawake waliombwa waje bila zile pete za kutanulia sketi na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Walienea kama 700. Ukifananisha na hayo, kuzima simu ni nafuu.

Kutuza nako hakukosi nafasi. Onyesho lile lilikuwa la hisani: zilipatikana kama pauni 400, na mgawo wake uliwatoa gerezani watu 142 waliofungwa kwa sababu ya madeni. Tangu hapo Masihi imezoea kuandamana na fedha. Ila usinyanyuke kwenda nazo mbele wakati anaimba, utamkata pumzi. Kama kuna kikapu mlangoni, kitumie. Kama unataka zimfikie mwenyewe, weka kwenye bahasha umpe nje akishashuka, mbele ya mama yake, na hapo mfukizie ubani ukitaka.

Unaweza kuulizwa kama usimame wakati wa Haleluya. Desturi hiyo huelezwa kwamba Mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama, na watu wote wakalazimika kumfuata. Ni hadithi tamu, ila hakuna aliyeiandika wakati inadaiwa kutokea. Ilianza kuonekana kwenye maandishi mfalme akiwa keshafariki zamani. Anayetaka anasimama, anayetaka anakaa. Wengi wakisimama mbele yako utashindwa kuona, hilo nalo ni la kufikiria.

Kiingereza kisikuumize kichwa. Maneno yote yametoka kwenye maandiko, yalipangwa na Mwingereza aitwaye Charles Jennens, na ni machache kuliko unavyodhani, kwa sababu mstari mmoja huimbwa kwa dakika kadhaa. Ule wa Isaya 9, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa," soprano, yaani sauti za juu za kike, watauanza peke yao, waimbaji wa tena watawafuata, na baada ya hapo sauti zinapokezana mpaka zinalipuka pamoja. Handel mwenyewe Kiingereza alikijia ukubwani, alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Na sehemu ya muziki huo wa mtoto amezaliwa aliichukua kwenye wimbo wake wa Kitaliano wa mapenzi aliokuwa ameutunga miezi michache tu kabla. Mtu wa taarabu nadhani utatabasamu. Muombe jirani akuandikie mistari hiyo kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, usome nyumbani siku moja kabla. Kusomea humo ndani ni kupekua karatasi, na karatasi ina kelele.

Watu hushangaa wakisikia kwamba kazi hii haikuanza kama ya Krismasi. Ilikuwa ya majira ya Pasaka, na sehemu zake mbili zinazobaki, ambazo ukiacha Haleluya hamtaimbiwa, zinahusu mateso, ufufuko na mwisho wa dunia. Desemba iliingia baadaye. Huko Boston, Marekani, chama cha waimbaji kiliiimba nzima tarehe 25 Desemba 1818. Siku moja tu kabla, kijiji cha Oberndorf nchini Austria kilikuwa kimesikia Usiku Mtakatifu kwa mara ya kwanza, ukisindikizwa na gitaa. Wimbo huo karibu hakika utaukuta kwenye zile za Kiswahili, na unaufahamu, kila Desemba unapigwa madukani.

Umeniambia wewe ni Mwislamu, lakini hukuuliza moja kwa moja kama yafaa. Nahisi umeliacha makusudi, nami sitajifanya sheikh. Ninachoweza ni kukueleza kilichomo ili ukiuliza uulize ukiwa na habari kamili. Hii si misa. Hakuna komunyo, hakuna atakayekutaka upige magoti, ufanye ishara ya msalaba au uitikie. Padri anaweza kufungua kwa sala fupi. Kaa kwa heshima, inatosha. Viatu hamvui. Ushungi haumsumbui mtu. Upande wa pili, sitakuficha kwamba maneno ni ya imani ya Kikristo mwanzo hadi mwisho. Habari za kuzaliwa unazozijua kwenye Surat Maryam hazikusimuliwa hivi. Moyo wako ukiwa na shaka, mwendee sheikh wako mwenyewe anayekujua wewe na jirani yako, umweleze kama nilivyokueleza. Akikushauri usiingie, bado kuna ua na kivuli cha miembe, na baada ya onyesho utampokea mwanao nje. Hilo nalo ni kuhudhuria.

Kuhusu mama mkwe, kwanza usimwache. Kifaa cha kusikia kina maikrofoni ndogo, kikuza sauti, na spika ndogo inayoingia sikioni. Mluzi unatokea sauti inapovuja kutoka sikioni, ikarudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa tena, ikavuja tena, mzunguko usioisha. Ndiyo ile ile inayosikika mkutanoni mtu akisogeza maikrofoni karibu na spika. Kinachosababisha ivuje mara nyingi ni kipande cha sikioni kutokaa vizuri, nta kuziba sikio, au kitu kilichofunika maikrofoni. Na hapa nakuuliza: anafungaje mtandio? Ukikazwa juu ya kifaa unaurudisha mlio ndani. Jaribuni nyumbani siku mbili tatu kabla, mtandio ukiwa umelegea upande ule, mwone kama mluzi unakwisha.

Tatizo la pili ni la kifaa chenyewe. Vifaa hivi hutengenezwa kwanza kwa ajili ya maneno ya watu, si kwa kuimba. Vingi vina akili ya kutambua mluzi na kuuzima, na akili hiyo ikisikia soprano ameshika noti ndefu inaweza kudhani ndio mluzi, ikaanza kupambana nayo. Mama atasikia sauti inatetemeka au inabadilika, atadhani kwaya ni mbovu. Vifaa vingine vina mpangilio maalumu wa muziki, na vingine mtaalamu anaweza kuviwekea. Kama cha mama hakina, apunguze sauti kidogo kwaya ikipanda, mara nyingi husaidia.

Lakini haya ni ya kujaribu tu. Kifaa kinachopiga mluzi mara kwa mara kinahitaji kuonwa na mtu anayekijua, na sikio lenyewe likaangaliwa. Mrudisheni alikopimiwa, au mumpeleke kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa walio Bagamoyo Muhimbili si mbali. Nta msiichokonoe kwa kijiti cha kiberiti wala pamba ya kijiti, mnaisukuma ndani. Na kama sikio linauma, linatoa majimaji, au usikivu umepungua ghafla ndani ya siku moja mbili, hapo msisubiri Krismasi wala onyesho, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mtakapokaa ni muhimu kwa ajili yake. Nyuma kabisa sauti inayofika imechanganyika sana na mwangwi, na kwa mwenye kifaa mwangwi ni adui. Maneno yote yanakuwa uji. Safu ya kwanza nayo utamsikia zaidi aliye mbele yako kuliko kwaya. Kaeni safu ya nne au ya tano, pembeni mwa njia, ili mama akihitaji kutoka asiruke magoti ya watu. Hiyo pia inakuweka mahali ambapo mwanao atauona uso wako.

Desemba unaijua, joto halina mzaha, na inawezekana feni zikazimwa wakati wa kuimba kwa sababu ya ngurumo zake. Nendeni na upepeo wa ukili. Ukipungwa taratibu hausikiki. Maji yawe kwenye chupa ngumu, si hizi zinazopiga kelele ukizibinya. Simu zimeni kabisa, maana hata mtetemo juu ya benchi la mbao unasikika. Picha mtapiga nje.

Kwa Magharibi, hesabu inakukubalia. Sehemu ya kwanza nzima ni kama saa moja, Haleluya ni dakika nne hivi, na nyimbo za Kiswahili tuseme nusu saa. Wakianza saa kumi kamili mtatoka kabla ya saa kumi na mbili, na jua la Desemba kwetu linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Swali Alasiri ndipo utoke nyumbani. Ila "wakianza saa kumi kamili" naisema nikijua kwaya inasafiri kutoka Dar wiki ya kabla ya Krismasi, na barabara ya Bagamoyo siku hizo ina mambo yake. Wakichelewa sana, muulize kijana kama wataweka mapumziko kabla ya nyimbo za Kiswahili. Hapo unaweza kutoka bila kumkatiza mtu, na kipande chake utakuwa umeshakisikia.